Unafungua Saa Ngapi, Shangazi?

Shangazi yangu Zaituni, uliye mbali nasi Isiolo,

Jumapili ulipopiga simu nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha dirishani, kiti chako, na kitabu cha Biolojia kikiwa wazi mapajani. Mama alikuwa anakata mandazi, mikono yake imejaa unga, kwa hiyo akaiweka simu kwenye sipika. Nilisikia yote. Nilikusikia ukisema kwamba daktari amekukataza kufunga Ramadhani hii kwa sababu damu yako iko chini na mtoto aliye tumboni anaihitaji. Kisha ukanyamaza, na uliporudi sauti yako ilikuwa imebadilika. "Lakini wifi," ukasema, "mimi nitajaribu tu. Sijawahi kuiona Ramadhani nzima ikipita huku mimi ninakula mchana."

Mama akakubembeleza usilie. Halafu akanigeukia. "Rehema, salimia shangazi yako." Nikasema shikamoo, ukasema marahaba mwanangu, na hapo maneno yakaniisha. Unanijua. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalo, ninatazama dawati mpaka mwalimu amchague mwingine. Kwenye simu ni vibaya zaidi, kwa sababu hata dawati la kutazama sina.

Ndiyo maana ninaandika. Na ninaandika wazi, anayetaka kusoma asome, kwa sababu nadhani wewe si mama mjamzito wa pekee anayelia Ramadhani inapokaribia. Tena ninayotaka kukuambia si yangu. Yalikuwa yako kabla hujaondoka hapa Gatongora, na niliyaona yakifanya kazi.

Ulipokuja kuishi nasi kutoka Mumias nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa kiwandani Thika miaka mingi, na wewe ukapata kazi katika lile duka la dawa za sunna, za tiba ya Mtume, lililo huko huko Thika karibu na msikiti. Jioni ulikuwa unarudi na duka zima kwenye nguo zako: habasoda, karafuu, ubani, na ile siki ya tufaha ambayo nilikuwa ninaiogopa. Nilikuwa ninajua umefika kabla sijasikia viatu vyako.

Ulinifundisha kwamba kila chakula kina tabia yake. Asali ni ya moto, tango ni la baridi, na moto huu hauhusiani na jiko. Ni kile ambacho chakula kinafanya mwilini kikishamezwa. Tende ni za moto, kwa hiyo Mtume alikuwa anazila na tango, ili kimoja kikitulize kingine. Mimi nilikuwa nimeanza kujua habari za vitamini na wanga, nikakuletea kitabu cha Sayansi na kukuonyesha ukurasa. Ulisoma ukurasa wote, kwa makini, kidole chako kikifuata mistari. Kisha ukanirudishia.

"Kitabu chako kinasema kweli," ukasema.

"Na kuhusu moto na baridi?"

"Kitabu hakijakataza. Kula tango lako."

Nimekuwa nikitaka kukwambia kwamba bado ninakula tende na tango, na bado sijapata ukurasa unaokataza.

Halafu kuna Cucu. Kwa wale wanaosoma na hawamjui, Cucu ni mama yake Mama, mshirika wa kanisa tangu ujana wake, na nyumba yake inatazamana na yetu, katikati pana uwanja mdogo wenye tangi la maji na kamba za nguo. Mama aliposilimu ili aolewe na Baba, Cucu alinuna kwa muda mrefu. Ulipokuja wewe kununa kulikuwa kumebaki utani tu. Hakuweza kulitamka jina lako vizuri, akawa anakuita Thaituni, nawe ukaitika hivyo hivyo.

"Nyinyi watu," alikuwa anasema Ramadhani ikiingia, "mchana mnasinzia, usiku mnaamka kula kama panya."

"Panya wazuri, Cucu," ukamjibu. "Tunakuachia unga wako."

"Mkiugusa huo unga nitanunua paka."

Guka, mume wa Cucu na mzee wa kanisa, alikuwa anacheka kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa mtu wa maneno machache, kama mimi, na nilikuwa ninapenda kukaa karibu naye kwa sababu hakuna aliyetutarajia tuongee.

Guka alipofariki nilikuwa kidato cha kwanza. Tulimzika Gatundu, tukarudi, na Cucu akatangaza kwamba anafunga na kuomba. Kila mtu aliona ni jambo jema. Mchungaji alimsifu kanisani. Wanawake wa kikundi chake wakaja kuomba naye, wakaleta githeri na mukimo, wakala, wakaondoka. Cucu alikunywa chai ya rangi. Juma likaisha, na lililofuata, na yeye bado alikuwa anafunga. Nguo zake zikaanza kumning'inia mabegani. Akienda chooni alikuwa anashika ukuta.

Mama alimpeleka kliniki mjini Ruiru, na wewe ndiye uliyesisitiza. "Dawa zangu ni za baadaye," ulisema. "Kwanza apimwe." Wakampima presha, wakampima sukari, wakampa dawa za presha na kusema kwamba zaidi ya hapo tatizo lake ni kwamba hali. Lakini akiulizwa kwa nini hali, Cucu alikuwa anatazama pembeni na kusema, "Nimefunga." Nani angebishana na hilo? Mfungo ni kitu kitakatifu, kwake na kwetu. Alikuwa amejificha mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kumfuata.

Nakumbuka ile siku Mama aliposhindwa kuvumilia. Alikuwa amepika viazi na nyama ya kusaga, akamkalia Cucu mbele na kijiko.

"Maitu, fungua mdomo."

"Niache."

"Fungua mdomo! Unataka tukuzike wewe pia?"

Kijiko kikagonga meno, chakula kikaanguka kwenye leso ya Cucu. Cucu alichukua vile viazi kwa vidole, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye sahani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikujua niangalie wapi. Wewe uliingia, ukamshika Mama mkono.

"Wifi, mgonjwa halazimishwi chakula. Mtume ametukataza."

"Kwa hiyo tumwangalie tu afe?"

"Hapana. Tukae naye."

Mama akatoka nje akilia. Wewe ukaketi kwenye zulia, ukapangusa ile leso, na kwa sauti ile ile ambayo ungemuuliza mtu bei ya nyanya, ukasema, "Cucu, unafungua saa ngapi?"

"Kufungua nini?"

"Mfungo wako. Kwetu mtu akisema amefunga, tunamuuliza anafungua saa ngapi, ili tumwandalie."

Cucu alikutazama kama mtu aliyeulizwa namba ya kitambulisho chake. Nadhani tangu Guka afe watu wote walikuwa wamemwambia aache kufunga. Wewe hukumwambia aache. Ulimwuliza kuhusu jioni.

"Sijapanga," akasema mwisho.

"Basi kesho nafunga na wewe. Kesho ni Alhamisi, ni siku nzuri. Jua likizama nitakuja tufungue pamoja."

"Fungua kwako. Mimi nitaendelea."

"Nitakuja," ukasema.

Baadaye kule jikoni ulinieleza kuhusu talbina, uji wa shayiri, maziwa na asali, ambao katika tiba ya Mtume hupewa mgonjwa na mfiwa, kwa sababu unatuliza moyo na kuondoa sehemu ya huzuni. Nilipenda sana hiyo "sehemu". Dawa nyingi zinazotangazwa zinasema zinaondoa kila kitu. Hii ilikuwa inajua mipaka yake.

Shida ilikuwa shayiri. Ule unga wa makopo pale dukani kwenu ulikuwa umekwisha, kwa hiyo kesho yake ukanunua punje zake kwa muuza nafaka Thika, na nilipotoka shule nikakukuta kwenye foleni ya poshomili, mfuko mkononi, midomo mikavu kwa saumu. Yule msagaji alichota punje akazitazama kwenye kiganja.

"Hii ni ngano imekonda?"

"Ni shayiri."

"Shayiri?" Akapaza sauti kushinda injini. "Si hii ndio hutengeneza bia?"

Foleni nzima ikageuka. Wewe ulikuwa na hijabu yako ya kijani, na mimi nilitamani niingie ndani ya mfuko wa shule.

"Ni ya uji," ukasema.

"Kila mtu huanza na uji, mama."

Watu wakacheka. Wewe pia ukacheka, mpaka ukashika kiuno. "Wewe saga," ukamwambia, "na ukiniona ninayumba nikirudi nyumbani, ujue ni jua."

Tukarudi, ukauchekecha ule unga mara kadhaa kwa sababu ulikuwa na makapi mengi, ukaukoroga kwa maji kwenye moto mdogo, ukatia maziwa, na ulipoepua ndipo ukatia asali. Nilikuwa ninakutazama. Hukuwa na haraka, ingawa hukuwa umekula tangu daku. Ukajaza mabakuli mawili, ukayafunika kwa visahani, tukavuka uwanja.

Kilichofuata ndicho nilichokikumbuka Jumapili uliponyamaza kwenye simu.

Cucu alikuwa amekaa kwenye kochi lake, upande wake, na upande wa Guka ukiwa mtupu. Uliweka mabakuli yote mawili mezani na kisahani chenye tende. Ukaketi. Simu yako ikaadhini. Mimi, kwa sababu ya vitabu vyangu vya dini, nilijua kwamba mtu aliyefunga anatakiwa aharakishe kufungua, kwamba jua likishazama kuchelewa si wema wala si ushujaa. Lakini wewe uliichukua tende ukaishika tu. Adhana ikaisha. Uwanjani mtu alikuwa anaanua nguo. Nikakunong'oneza, "Shangazi, jua limezama."

"Najua."

Cucu alikuwa anaiangalia ile tende. Akaangalia midomo yako. Akaanza kusogeasogea kwenye kochi.

"Mbona huli?"

"Nakungoja."

"Nilikwambia mimi naendelea."

"Sawa, Cucu. Nakungoja."

Tukakaa. Nilisikia tangi la maji la uwanjani likidondosha matone. Umewahi kufikiri jambo ulilolifanya lilikuwa gumu kiasi gani kwa mwanamke wa rika la Cucu? Alilelewa kwamba mtu akiingia nyumbani kwako, hata kama mmegombana, hata kama amekuja kukudai, hakai na njaa. Hajawahi kumruhusu hata mtu wa kusoma mita ya stima aondoke bila chai. Na sasa kulikuwa na mgeni mbele yake, midomo imepasuka, chakula mkononi, na hali kwa sababu yake.

"Dini yako si inakwambia ule jua likizama?" akauliza.

"Inaniambia nisichelewe."

"Na umechelewa!"

"Unanichelewesha, Cucu."

"Ngai!" Cucu akapiga goti lake. "Kairitu, msichana wewe, utaniletea dhambi hapa kwangu! Dhambi ya Waislamu, na zangu bado sijamaliza!" Akalivuta bakuli kwa hasira, akafunua kisahani, akachota kijiko cha uji akakiweka mdomoni. "Haya! Nimekula! Kula!"

Ukala tende yako. Ukanywa maji. Nilikuona ukifumba macho.

Cucu alibaki na kile kijiko mdomoni. Sijui alikuwa anafikiri nini. Kisha akachota kingine, polepole. Hakulimaliza bakuli, alikula kama nusu, akasema uji hauna chumvi, akalia. Alilia kilio cha kawaida, cha sauti, ambacho kwa siku zote hizo hatukuwa tumekisikia. Hukumwambia anyamaze. Ulisogea ukakaa upande wa Guka, na nadhani mimi ningeogopa kukaa pale, lakini wewe ulikaa tu kwa sababu kochi lilikuwa na nafasi na Cucu alikuwa anahitaji bega.

Baadaye alikuuliza, "Kwenu mtu akifiwa anafunga siku ngapi?"

"Hatufungi kwa sababu ya kufiwa, Cucu. Tunaletewa chakula na majirani."

"Mimi pia nililetewa."

"Walikuletea wakala wao."

Akacheka kidogo, pua ikiwa bado imeziba.

Ukamweleza kwamba saumu ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Unaingia kwa daku, unatoka kwa futari, na mtu aliyeingia bila kuujua mlango wa kutokea hajafunga, amepotea ndani ya nyumba. Sijui kama hayo uliyasoma mahali au uliyatunga pale pale. Niliyaandika kwenye kichwa changu tu, na yamekaa.

Mkakubaliana. Jumatatu na Alhamisi, siku zako za sunna, atafunga na wewe mpaka jua lizame, na siku nyingine atakula kama watu. Halafu ukaanza kumpunguzia. Dawa za presha zinataka chakula asubuhi, ukasema, kwa hiyo afunge kuanzia saa nne. Kisha kuanzia saa sita. Cucu hakuonekana kugundua kwamba mfungo wake unapungua kila juma, au aligundua na akanyamaza.

Uvumi ulikuwa umefika kanisani. Jioni moja Mama Ciku, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama na jirani yetu wa ukuta mmoja, aliingia bila kubisha.

"Nimesikia kuna harufu ya bia kwa nyumba ya mzee wa kanisa."

"Karibu kiti," Cucu akasema, mdomo umejaa.

Mama Ciku alifunua sufuria, akainama akanusa kama polisi. "Haina hata povu."

"Ulitaka povu?" ukamwuliza.

"Mimi natazama tu." Ukammiminia kikombe. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena. "Iko na asali?"

"Iko."

"Basi usiwe mchoyo nayo. Ongeza."

Tangu siku hiyo Alhamisi mlikuwa watatu, wewe peke yako ukiwa umefunga, maana mfungo wa Cucu ulikuwa umepungua mpaka ukaisha, na wao wakingoja futari tu. Ndipo mkaanza ule mjadala wa njahi, yale maharagwe meusi ya Wakikuyu. Cucu alitaka kujua njahi ni ya moto au ya baridi. Ukakubali kwamba hujui; mwenye duka Thika aliyekufundisha hakuwahi kutaja njahi, na huko zilikoandikwa habari hizi labda hawakuzijua.

"Kwetu mwanamke akijifungua anapewa njahi," Cucu akasema. "Inarudisha damu na inaleta maziwa."

Ukafikiri. "Basi ni ya moto. Aliyejifungua mwili wake umepoa, kwa hiyo anapewa cha moto."

"Umeona?" Cucu akamwambia Mama Ciku, ameinua kidevu. "Nilikuwa najua tiba ya Waislamu na sikuwa najua ninaijua."

Nadhani siku hiyo ndiyo nilijua kwamba Cucu amepona. Si kwa sababu ya uzito, ingawa nguo zilikuwa zimeanza kumkaa. Ni kwa sababu alikuwa anajisifu.

Kuna kumbukumbu nyingine, ndogo, ambayo ni yangu na wewe peke yetu. Ni ile Ramadhani niliyougua taifodi. Nilikuwa nimefunga siku za mwanzo zote na nilijivunia, kwa sababu ni kitu ambacho mtu mwenye haya anaweza kukifanya vizuri bila kuongea. Joto lilipopanda nilikuficha. Ulinigundua kwa kugusa shingo yangu nilipokuwa ninachukua wudhu. Saa sita mchana ukaniletea viazi vya kuchemsha na supu. Nikageuza uso ukutani. Nikakwambia kwamba Mungu ataona nimekuwa dhaifu.

Wewe ulikuwa umefunga. Ulikaa pembeni ya kitanda, mvuke wa supu ukikupiga usoni, ukasema, "Aliyeamrisha saumu ndiye aliyetoa ruhusa. Ruhusa ni zawadi yake. Utamrudishia zawadi mkononi?"

Niligeuka nikaitazama sahani.

"Siku utazilipa ukipona. Leo ibada yako ni sahani hii. Ile uimalize."

Niliimaliza. Haikuwa tamu, mdomo wangu ulikuwa mchungu, lakini nilisema bismillahi mwanzoni na alhamdulillahi mwishoni, na ulinitazama kana kwamba nimeswali tarawehe.

Sasa unaona kwa nini Jumapili nilishindwa kusema kitu. Nilikuwa nasikia maneno yako mawili yakigombana: yale uliyoniambia mimi, na yale unayojiambia wewe. Mimi naamini yale uliyoniambia mimi.

Ulipoolewa na kwenda Isiolo, nilidhani mambo ya Alhamisi yatakwisha. Hayakuisha. Naomba nikuchekeshe. Cucu hafungi tena, hata kidogo. Asubuhi anakula mkate na yai, mchana anakula githeri. Lakini Alhamisi jua likizama ananiita niwashe adhana kwenye simu ya Mama, anazima redio yake, anakaa na bakuli la uji wa shayiri na tende moja. Akimaliza anasema, "Haya, nimefungua." Mama alimwuliza amefungua nini wakati mchana alikula sahani mbili. Akasema yeye ni wa kufungua, wa kufunga ni wengine.

Na si hilo tu. Mume wa yule mama muuza mboga wa kule kona alipofariki mwezi uliopita, Cucu alichukua sufuria yake akaenda. Nilimbebea. Nilitaka tuiweke mlangoni tukimbie, unanijua, lakini Cucu akaniambia uji huu hauachwi mlangoni. Tukaingia. Akaketi, akamwekea yule mama bakuli, akajiwekea lake, akaunganisha mikono juu ya tumbo na kusema, "Mimi sina haraka. Nakungoja." Nikainamisha uso ili nisionekane ninatabasamu kwenye matanga.

Jumapili ulipokata simu, Mama alivuka uwanja akamweleza. Cucu alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Thaituni anafungua saa ngapi?"

"Hatakiwi kufunga, Maitu. Daktari amemkataza. Lakini anataka kufunga hivyo hivyo."

"Ati?" Ungo ukawekwa chini. "Na huyo mtoto wa ndani ameulizwa?"

Akaniita. "Rehema, wewe mdomo huna lakini mkono unao. Andika." Akaanza kuniambia, na mimi ninayaweka hapa kama alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza:

"Mwambie Thaituni hivi. Siku ya kwanza ya mfungo wao, saa saba mchana, nitakaa mezani na sahani yangu. Nitaifunika. Simu nitaiweka hapo kando. Yeye akianza kula, apige, nisikie anatafuna, ndio mimi nifunue yangu. Asipokula, sili. Na kesho yake hivyo, na kesho kutwa hivyo, mpaka mwezi wao uishe. Mwambie mimi ni mzee, ninakunywa dawa za presha, na daktari wangu amesema nisikae njaa. Mwambie asinicheleweshe."

Nikamwuliza kama anasema kweli au anakutisha tu. Alinitazama vile alivyokutazama wewe ile jioni ya tende.

"Yeye alikuwa anatisha?"

Kwa hiyo, Shangazi, hali ndiyo hiyo. Nilikuwa nikidhani ulimponya Cucu kwa shayiri. Sasa naona ulimfundisha hila, na imerudi kwako. Ukifunga, hutafunga peke yako; utakuwa umemfungisha mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, Mkristo, kwa lazima, katikati ya Ramadhani, na sidhani kama kuna kitabu chochote cha fikihi kitakachokutetea.

Kuna kifurushi kinachokuja na barua hii. Ndani yake kuna unga wa shayiri, tumeuchekecha vizuri, na yule msagaji anakusalimia na kuuliza kama umeshafungua baa. Kuna tende. Na kuna njahi, ambayo Cucu amesema usiiguse mpaka mtoto atoke, kwa sababu ni ya moto na wewe sasa si mtu wa kupewa moto.

Mimi nitafunga, inshallah. Shuleni wameshazoea, rafiki yangu wa dawati huwa anakula chapati yake ameipa mgongo, kwa heshima, mpaka ninamwonea huruma. Jioni nitafuturu na Cucu, ambaye atakuwa hajafunga. Na zile siku zako, utakapojifungua na kupata nguvu na kuanza kuzilipa, unijulishe kila unapofunga moja, nami nitafunga hapa. Nitakuuliza unafungua saa ngapi, ingawa ninajua kwamba jua la Isiolo na la Ruiru linazama karibu wakati mmoja. Nitauliza tu. Labda hata nitaongea.

Lakini hiyo ni baadaye. Ramadhani hii ibada yako ni sahani. Ile uimalize.

Cucu anajua kitufe cha kijani tu, cha kupokea. Kupiga hajui, na amekataa kufundishwa, kwa hiyo wewe ndiye utakayepiga. Saa saba, Shangazi. Githeri yake itakuwa imefunikwa.

Mtoto wa kaka yako, na wa kiti chako cha dirishani,
Rehema